Sikuchomwa: Maswali Yangu ya Siku 15 za Mionzi

Mtaani kwetu Pasiansi, jijini Mwanza, mtu anayetibiwa saratani kwa mionzi husemwa kwamba anachomwa. "Ameanza kuchomwa." "Bado hajamaliza kuchomwa." "Yule alichomwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akarudi kifua cheusi." Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 24, na kila mwaka nimewaeleza wanafunzi kwamba kitenzi hubeba picha pamoja na maana, lakini somo hilo sikulielewa mwenyewe hadi wiki ya tano baada ya kutolewa titi la kushoto, daktari aliponiambia kwamba mshono umepona vizuri na kwamba sasa tujiandae kwa mionzi. Nilitikisa kichwa kukubali, nikamshukuru, nikashuka kilima cha hospitali ya Bugando kwa miguu bila kuona ninapokanyaga, kwa sababu mbele ya macho yangu nilikuwa naona moto.

Nilikuwa nimekwisha kupita mengi kabla ya hapo. Dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, nilizimaliza kabla ya upasuaji, nywele zikanyonyoka na kuanza kuota tena, kisha nikalala juu ya meza ya upasuaji na kuamka nikiwa nimefungwa bandeji kutoka kwapani hadi mbavuni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoninyima usingizi kama mionzi ambayo ilikuwa haijaanza. Nimeitafakari sana sababu yake. Kemo na kisu nilivipokea wakati uvimbe ungali mwilini mwangu na nikitaka utoke kwa njia yoyote ile. Mionzi ilikuja wakati uvimbe umeshatolewa, kidonda kimefunga, na majirani wameanza kuja na sukari na sabuni kunipa pole na hongera kwa pamoja. Kumchukua mtu aliyekwisha kupona na kumpeleka kwenye moto kulionekana kwangu kuwa ni ukatili.

Naandika kwa ajili ya wanawake wenzangu waliotoka kwenye upasuaji na wanaosubiri kuitwa. Siandiki kuwaambia kwamba mionzi haina madhara, maana inayo, na mengine niliyapata. Ninachotaka kusema ni kwamba kila hofu niliyoitamka mbele ya mtu mwenye ujuzi ilipungua ikawa jambo la kushughulikiwa, na ile niliyoificha ilinenepa kila usiku.

Swali la kwanza lilinichukua siku nne kulitoa mdomoni, kwa kuwa nilihisi ni utovu wa adabu kumhoji daktari: titi halipo, sasa mnakwenda kutibu nini? Alilipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alivuta kiti, akachukua karatasi, akanichorea kifua, kwapa na mtulinga, akanieleza kwamba katika tezi za kwapani zilizotolewa, ambazo wengi wetu huziita mitoki, tatu zilikutwa na saratani, na kwamba tezi zikishaguswa, chembe ambazo hazionekani kwa jicho wala kwa kipimo zinaweza kubaki kwenye ngozi ya kifua, kando ya kovu, au juu ya mtulinga. Aliniambia kwamba mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio mengi yaliyohusisha wanawake zaidi ya 8,000 waliotolewa titi, na kwamba miongoni mwa waliokutwa na tezi moja hadi tatu zenye saratani, vifo kutokana na ugonjwa huo katika kipindi cha miaka 20 vilipungua kutoka takribani 50 hadi 42 kwa kila wanawake 100 pale mionzi ilipoongezwa. Wanawake wanane katika kila mia. Niliwahesabu wanane hao kwa majina ya wanafunzi wangu wa mstari wa mbele darasani, na tangu siku hiyo sikuuliza tena kwa nini natibiwa. Nilibaki na maswali ya namna gani.

Kabla ya mionzi kuna siku ya vipimo, nayo inastahili kuelezwa kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kujiandaa mapema. Mgonjwa hulazwa kwenye mashine ya sitiskani, inayopiga picha za ndani ya mwili, akiwa kifua wazi, mkono wa upande uliopasuliwa umeinuliwa juu ya kichwa, na hutakiwa kutulia hivyo hivyo bila kutikisika, kisha huchorwa alama kwenye ngozi ili kila siku mionzi ielekezwe pale pale. Mkono usioweza kuinuka hauwezi kupangiwa mionzi sawasawa. Baada ya upasuaji, bega langu lilikuwa limekakamaa kiasi kwamba sikuweza kufika kwenye swichi ya taa, na mimi ni mtu wa mashoto. Mkono huo ndio ninaoandikia ubaoni.

Mtaalamu wa viungo alinifundisha kusimama nikiutazama ukuta na kutambaza vidole juu polepole, kama buibui anayepanda, hadi ngozi ianze kuvuta, kisha kusubiri pale huku nikivuta pumzi mara tano. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni kwenye ukuta wa chumbani, na kila Jumapili mwanangu wa mwisho aliweka alama ya penseli pale kidole changu cha kati kilipofika. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kidevu. Ya pili ilikuwa juu yake kwa upana wa vidole viwili tu, na nililia, kwa kuwa nilikuwa nimefanya zoezi lile kwa siku saba bila kuruka. Ya tatu ilifika usawa wa paji la uso, ya nne ikapita kichwa. Siku ya vipimo mkono ulikwenda juu na ukakaa. Nikatoka nikiwa na alama za wino kifuani ambazo niliambiwa nisizisugue, na nyumbani nikaenda kuzitazama zile za ukutani.

Wifi yangu alikuja jioni ile ile. Ni mtu anayenipenda, na ndiye aliyenilisha uji kwa wiki nzima nilipotoka wodini, kwa hiyo alichokisema kilitoka moyoni: "Wifi, mtoto wa binti yako usimshike siku za mionzi. Utampa." Mjukuu wangu alikuwa na miezi saba. Sikuwahi kuogopa jambo kama nilivyoliogopa hilo, na kwa siku mbili nilikataa kumpakata, nikisingizia mshono.

Niliyemuuliza ni kijana mtaalamu wa tiba ya mionzi, siku ya kwanza ya matibabu, kabla sijavua blauzi. Alinionyesha kichwa cha mashine na kunieleza kwamba ndani yake mna kipande cha kobalti kilichozungushiwa madini mazito. Kikisogezwa mbele ya tundu, mionzi hutoka na kupita mwilini, na kikirudishwa mahali pake, mionzi hukatika. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, ukizima taa darasani usiku, ubao unaendelea kuwaka?" Nikamjibu kwamba hauwaki. Akasema, "Basi na wewe ukitoka hapa huwaki. Kampakate mjukuu wako." Alinieleza pia chanzo cha maneno ya wifi, na ninalisema hapa kwa sababu najua limewatia hofu wengi: wapo wagonjwa wa tezi ya shingo wanaonyweshwa dawa ya aidini yenye mionzi, na hao kweli hubaki nayo mwilini kwa siku kadhaa na huambiwa wakae mbali na watoto na wajawazito. Wifi alimjua mtu wa namna hiyo. Hakuwa ametunga uongo. Alikuwa amechukua kanuni ya tiba moja na kuipeleka kwenye nyingine.

Nilimpigia wifi simu nikiwa bado kwenye benchi la nje, na jioni alikuja mwenyewe akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake na kuniwekea mapajani.

Pale pale bencheni nilikutana na mama mmoja kutoka Ukerewe, mwuza dagaa, aliyekuwa amepanga kwa ndugu yake Igogo kwa muda wa matibabu. Tulipangiwa saa zinazofuatana, kwa hiyo tulionana kila siku. Siku ya tatu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mume wake amehamia chumba cha watoto tangu aliposikia habari ya mionzi, na kwamba anaogopa kurudi Nansio na kukuta ameolewa mwingine. Nilimwambia habari ya taa na ubao, lakini nilijua kwamba neno la mgonjwa mwenzake halitamtosha mume aliye ng'ambo ya ziwa. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alimwomba namba, akampigia bwana yule palepale, akamwamkia kwa heshima, na kumweleza kwa Kisukuma kwa muda wa kama dakika kumi. Sikusikia maneno yote. Nilichokiona ni mama yule kuuficha uso wake kwa ncha ya kanga, na mabega yake yakitikisika.

Siku zangu zilikuwa 15, yaani wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwalimu mwenzangu aliyetibiwa miaka mingi nyuma, wakati ambapo wengi wa Kanda ya Ziwa walilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, alipata 25. Hilo liliniumiza kichwa kwa namna ya pekee, maana hofu mbili zilipigana: niliogopa mionzi, na papo hapo niliogopa kwamba nimepunjwa. Nilidhani huenda foleni ni ndefu na wanatupunguzia ili wengine wapate nafasi. Jibu nililopewa lilikuwa wazi. Zamani dozi ya kawaida ilikuwa grei 50, ambayo ndiyo jina la kipimo cha mionzi, zilizogawanywa kwa siku 25. Uingereza walilinganisha hiyo na grei 40 kwa siku 15, na matokeo ya miaka 10 yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kinga dhidi ya ugonjwa kurudi ilikuwa ile ile, na madhara ya muda mrefu kwenye titi hayakuzidi, bali yalikuwa pungufu kidogo. China nao wakafanya jaribio kwa wanawake waliotolewa titi lote kama mimi, kwa siku 15, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2019 yalikuwa ya mwelekeo huo huo. Kila siku ya mgonjwa wa siku 15 hubeba dozi kubwa kidogo kuliko siku ya mgonjwa wa siku 25. Sikuwa nimepunjwa.

Sasa ngozi, ambayo ndiyo kiini cha neno kuchomwa.

Karatasi niliyopewa ilisema kwamba ngozi itakuwa nyekundu. Nilijitazama kwenye kioo kila asubuhi nikitafuta wekundu, na kwa kuwa mimi ni mweusi wa asili, wekundu haukuja, nikaamini kwamba sijaanza kupata lolote. Muuguzi ndiye aliyenisahihisha. Aliweka mgongo wa kiganja chake kwenye kifua changu upande wa kushoto, kisha wa kulia, akaniambia nami nifanye vivyo hivyo. Kushoto kulikuwa na joto. Kwenye ngozi yetu, alisema, dalili ya kwanza ni joto, kuwasha, na kukolea kwa weusi. Anayengoja wekundu huchelewa kusema. Naomba kila dada mweusi anayesoma hapa alishike hilo, kwa kuwa karatasi nyingi tunazopewa ziliandikwa kwa ajili ya ngozi zisizo zetu.

Wiki ya pili kifua kilikuwa kimekolea rangi kama maji ya rosela, na matundu ya vinyweleo yalionekana kama yamechomwa kwa sindano. Niliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nikajikausha kwa kubonyeza kanga badala ya kusugua. Poda niliacha, marashi niliacha, na sidiria niliiweka kabatini hadi mambo yalipotulia; ndani ya blauzi nilivaa kipande cha kanga ya zamani iliyofuliwa hadi ikawa laini kama pamba. Jua la Mwanza la saa saba nililikwepa kwa mtandio. Nililetewa mshubiri, asali, mafuta ya nazi, na dawa moja ya unga kutoka kwa muuza mitishamba ambaye aliapa kwamba inavuta moto wa mionzi kutoka kwenye mifupa. Vyote vililetwa kwa upendo. Nilivipokea, nikashukuru, nikaviuliza kimoja kimoja kwa muuguzi, na hakuna nilichopaka bila ruhusa yake. Ule unga sikuuleta hata karibu na ngozi.

Siku ya 15 ilipopita nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ngozi hufikia ubaya wake wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu athari huendelea kujitokeza hata baada ya mashine kunyamaza, lakini kuambiwa ni jambo moja na kuamka saa kumi alfajiri ukikuta kanga imenata kwapani ni jambo lingine. Ilikuwa siku ya tisa. Ngozi ya ndani ya kwapa ilikuwa imechubuka sehemu yenye upana wa sarafu mbili, inatoa maji, na chini yake palikuwa pa waridi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikasema kwa sauti, "Nimeungua." Neno lile lile la mtaani lilinirudia likiwa na ushahidi.

Asubuhi nilipanda bajaji hadi juu kilimani. Muuguzi alitazama, hakushtuka, na kutoshtuka kwake kulikuwa nusu ya dawa. Alinieleza kwamba kwapa na mikunjo ndipo mahali ambapo ngozi hubanduka zaidi kwa sababu ya jasho na msuguano, kwamba tabaka la juu limeshindwa kujitengeneza kwa kasi inayotakiwa na kwamba tabaka la chini bado lipo na linafanya kazi yake. Alisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, akafunika kwa shashi isiyonata, akanipa na ya kubadilishia nyumbani, na akaniambia dalili za kunirudisha haraka: homa, usaha, harufu, au maumivu yanayozidi siku hadi siku. Hazikuja. Siku ya 12 tangu asubuhi ile, ngozi ilikuwa imefunga. Ilikuja kwanza ikiwa ya waridi, ikawa kahawia, na leo imekaribia kufanana na ya upande wa pili, ingawa mstari wa mahali mionzi ilipoishia bado unaonekana nikivua nguo mchana.

Kama kuna aliyepata zaidi ya hapo, simkanushi. Nasimulia la kwangu.

Moyo uko kushoto, na titi lililotolewa ni la kushoto, kwa hiyo hofu ya moyo nilikuwa nayo kwa haki. Nilijibiwa bila kufichwa: dozi inayoufikia moyo inaweza kuongeza hatari ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye, na hatari hiyo hupanda kadiri dozi hiyo inavyopanda, ndiyo maana mionzi hupangwa kwa picha za sitiskani ili iambae na ukuta wa kifua na kuukwepa moyo kadiri inavyowezekana. Kisha daktari akaniuliza kama nimemeza dawa yangu ya presha asubuhi ile. Sikuwa nimemeza. Aliniambia kwamba presha isiyodhibitiwa ni jambo lililo mikononi mwangu, na kwamba moyo wangu utanishukuru zaidi kwa kidonge kile kuliko kwa hofu yangu juu ya mashine. Tangu hapo kopo la dawa linakaa kando ya mswaki.

Mapafu nayo niliyauliza, kwa kuwa sehemu ndogo ya pafu hupitiwa na mionzi, na wachache hupata kikohozi kikavu na pumzi fupi katika miezi inayofuata; huwa kinatibika, ila lazima kisemwe. Nywele za kichwani hazikuguswa. Koo liliwasha kidogo wiki ya tatu nilipokuwa nameza ugali, kwa sababu eneo la juu ya mtulinga nalo lilitibiwa, na likapona lenyewe. Kuhusu saratani nyingine inayoweza kusababishwa na mionzi yenyewe, nilielezwa kwamba hutokea mara chache na huchukua miaka mingi, nikaupima uzito wake na wale wanawake wanane, nikaendelea.

Mkono ndio unaonishughulisha hadi leo. Mtu aliyetolewa tezi za kwapani kisha akapata mionzi eneo hilo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvimba mkono, kwa sababu njia za kurudisha maji ya mwilini zimepungua, na uvimbe huo unaweza kuja baada ya miezi au hata miaka. Kwa mwalimu wa mashoto, mkono wa kushoto ni kazi. Nilinunua tepu ya fundi cherehani, na kila Jumapili, siku ile ile ya zamani ya penseli, napima mahali pawili, kwenye mkono wa mbele na juu ya kiwiko, kwa mikono yote miwili, na kuandika. Wakati mmoja tofauti ilifika sentimita moja nikapanda kilima siku iliyofuata. Nilionyeshwa namna ya kuukanda mkono polepole kuelekea begani, na wiki ya pili yake mkono ulirudi katika hali yake.

Nilikuwa nimejifunza mtaani kwamba mkono wa namna hii haupaswi kufanya kazi yoyote tena. Mtaalamu wa viungo alikataa kabisa. Alisema mkono usiotumika hudhoofika na kukakamaa, na kwamba kubeba vitu kwa kuongeza uzito kidogo kidogo hakuleti uvimbe kama ilivyoaminiwa zamani. Kinachotakiwa kuepukwa kwa bidii ni vidonda, kwa sababu vijidudu vikiingia mkono huo huweza kuvimba kwa siku moja. Hapo ndipo nilipomfikiria sato. Nyumba za huku hazikai wiki bila samaki, na kila mwanamke aliyewahi kuparua sato anaujua mwiba wa pezi la mgongoni unavyoingia chini ya ukucha. Sasa naparua nikiwa nimevaa glovu nene za mpira, samaki nimemshika kwa mkono wa kulia na kisu kikiwa kushoto, na mwanangu ndiye anayekata mapezi kwanza kwa mkasi. Mkaa nauwasha kwa koleo. Nikitobolewa hata kidogo, naosha kwa sabuni na kupaka dawa ya vidonda hapo hapo, bila kungoja.

Uchovu sikuuogopa kabla, na ndio ulionishangaza. Ulianza wiki ya pili, kila siku baada ya saa nane mchana, uchovu ambao usingizi hauumalizi. Niliufanyia jambo moja ambalo mwanzoni lilionekana kinyume: nilitembea. Jioni, jua likipungua, nilitembea dakika 20 hadi mahali ambapo mawe yanaingia ziwani, nikakaa kutazama mitumbwi ya dagaa ikitoka na karabai zake, kisha nikarudi. Siku nilizotembea nililala vizuri kuliko siku nilizobaki kitandani.

Usiku ulikuwa na kazi yake. Hofu yangu iliamka saa nane za usiku na kunipangia madhara yote kwa foleni, la leo na la miaka ishirini ijayo, kana kwamba yote yatafika kabla ya alfajiri. Nilisali, na kuna usiku ambao sala yangu ilikuwa maneno mawili tu. Kisha niliweka daftari la shule chini ya mto, nikaanza kuiandika kila hofu kama swali, na mbele ya swali naandika nani wa kuulizwa: daktari, muuguzi, yule kijana wa mashine, mtaalamu wa viungo. Swali likishaandikwa na kupewa mtu wa kulijibu, niliweza kuzima taa. Mengine yalipofika asubuhi niliyaona hayana haja ya kuulizwa. Mengine, kama lile la mjukuu, laiti ningeyauliza siku mbili mapema.

Nimerudi darasani muhula huu. Kidato cha pili tunasoma ngeli, na ubao wa darasa lile ni mrefu. Wiki ya kwanza niliandika kuanzia katikati kwenda chini, wanafunzi wa nyuma wakalalamika kwamba hawaoni. Sasa naanza mstari wa juu kabisa, ingawa nikifika mstari wa sita huwa nakaa kidogo na kumwita mmoja wao aendelee.

Alhamisi ijayo nina miadi. Katika daftari kuna maswali matatu. La kwanza, kwa nini ngozi chini ya kovu inavuta ninapoinama kusahihisha madaftari, na kama kuna mazoezi ya kuilainisha. La pili, kama vipindi vinne mfululizo ubaoni ni vingi mno kwa mkono huu. La tatu si langu. Mama wa Ukerewe alinipigia simu jana usiku, akasema kwamba mume wake yuko pembeni yake na wote wawili wanataka kujua kama ameruhusiwa kuanza kubeba tenga la dagaa, na lisizidi kilo ngapi.